Namna ya kufuatilia maana ya neno la kisayansi: mfano wa "sayari"

Nahariri maandishi ya sayansi, na watafsiri chipukizi hawaachi kuniuliza: nikikuta neno la kisayansi kwenye andiko la zamani, nitajuaje mwandishi alikusudia nini? Tuchukue "sayari".

Hatua ya 1: Anza na mwaka wa andiko. Kamusi uifungue baadaye. Yenyewe itakupa maana ya leo.

Hatua ya 2: Tafuta vitu vilivyoitwa hivyo mwaka huo. Hapa ndipo penye kazi, usiharakishe. Usihangaike na fasili, maana sayari haikuwa na fasili rasmi hadi 2006. Tafuta orodha.

Kwa Wagiriki wa kale sayari zilikuwa saba: Jua, Mwezi, Utaridi, Zuhura, Mirihi, Mshtarii na Zohali. Dunia haimo. Sifa iliyotakiwa ni kuhamahama kati ya nyota, na Dunia ilidhaniwa imetulia tuli. (Wapiga falaki wa pwani yetu nao wana saba hizo hizo.) Mwanaastronomia Copernicus alipochapisha 1543 kitabu chake kinachosema Dunia ndiyo inayolizunguka Jua, mambo yakaanza kugeuka: Jua likatoka, Dunia ikaingia.

Mtego mkubwa ni karne ya 17. Mwaka 1673 mwanaastronomia Cassini alitangaza "sayari mbili mpya" zinazoizunguka Zohali. Ni Iapetus na Rhea, ambazo leo tunaziita miezi. Na vitabu vya mwanzoni mwa miaka ya 1840 vinataja sayari 11: Ceres, Pallas, Juno na Vesta, vijisayari vilivyo kati ya Mirihi na Mshtarii, zimo; Neptuni bado haijagunduliwa.

Hatua ya 3: Uliza nini kililazimisha mabadiliko. Mara nyingi ni orodha kufurika. Kuanzia 1845 vijisayari vingine vilizidi kugunduliwa kati ya Mirihi na Mshtarii, ikabidi vyote vihamishiwe kwenye kundi la asteroidi, jina ambalo mwanaastronomia William Herschel alikuwa amelipendekeza tangu 1802. Pluto nayo iliponzwa na Eris, gimba jingine la mbali linalozunguka Jua, iliyotangazwa 2005 na inayokaribiana nayo kwa ukubwa. Ama Eris iingie, ama Pluto itoke. Agosti 2006, mjini Prague, Umoja wa Kimataifa wa Astronomia ulipiga kura: sayari ilizunguke Jua, iwe na umbo la karibu mviringo, na iwe imesafisha njia yake, yaani isigawane njia hiyo na magimba mengine yanayokaribiana nayo kwa ukubwa. Sharti la tatu ndilo lililoiangusha Pluto.

Hatua ya 4: Angalia waliokataa. Wapo wataalamu wanaoendelea kuiita Pluto sayari, kwa kuwa wao hutazama jiolojia yake, si njia inayopita. Kwa hiyo hata andiko la mwaka huu lisome kwa tahadhari.

Hatua ya 5: Usimsahihishe mwandishi. Neno liache lilivyo, kisha weka tanbihi fupi. Kwa Cassini, mimi ningeandika hivi: "Sayari: hapa ni mwezi wa Zohali. Mwaka 1673 neno hili lilitumika kwa sayari na kwa miezi pia."