Jinsi ya kujenga mji wa mpakani unaopokea kila mtu, ndani ya nchi ya kubuni iliyojifungia

Wadau wa simulizi, hasa nyie mnaoandika fantasia za kurusha sehemu sehemu kwenye magrupu ya WhatsApp, leo tushike kitu kimoja tu tukimalize. Nchi yako ya kubuni imejifungia, wageni hawaingii, wenyeji hawatoki, alafu kuna eneo moja pale mpakani ambapo watu wa kila aina wanafanya biashara na kuishi pamoja bila kuuana. Naletewa simulizi nyingi nizipitie kabla hazijarushwa na eneo hilo ndo huwa jepesi kuliko yote, utakuta geti, askari wawili wenye mikuki, soko lenye watu wa rangi zote, basi imeisha hiyo. Hakuna anayeeleza kwanini hao watu wanavumiliana wakati wenzao wa ndani kidogo tu wangemrushia mgeni mawe. Na sisi tuko Dar jamani, mzigo wa Zambia, wa Kongo, wa Rwanda, wa Burundi, wa Malawi unapita bandarini kwetu, mtu akitaka kuona watu wasiofanana wanavyoelewana bei aende Kariakoo saa tatu asubuhi akae pembeni aangalie.

Msimamo wangu nautoa mapema: uvumilivu wa mpakani ni kazi. Kuna watu wanaifanya kila siku, wanakula kupitia hiyo kazi, na kuna wengine wanaigharamia. Ukishawajua kwa majina, mji wako unasimama.

Nitatumia nchi ya mfano, naiita Kitalu, na mji wake wa mpakani naiita Pindoni.

Hatua ya 1: Ipe nchi sababu ya kujifungia ambayo hata mtu mwema angeikubali

Ukiandika "mfalme alikuwa katili akafunga mipaka" umejinyima stori. Angalia Japani, watawala wa ukoo wa Tokugawa walifunga nchi miaka ya 1630 kwa sababu waliona Ukristo unaleta utii mwingine juu ya utii kwao, Wareno wakafukuzwa 1639, na pia walitaka faida ya biashara ya nje ipite mikononi mwao wenyewe. Yaani hofu na hesabu vinakaa kichwa kimoja. 

Kwa Kitalu mimi nimefanya hivi: mvua inaitwa kwa jina. Kila ukoo una jina lake la mvua, linarithiwa, na mgeni akilisikia akaenda kulitamka kwao mvua inahama inamfuata. Ilishatokea, bonde zima likakauka, na bibi zao bado wanasimulia. Sasa yule askari anayemfukuza mgeni kule ndani analinda shamba la mama yake, na msomaji anamwelewa hata kama hampendi.

Hatua ya 2: Tafuta wanachokosa

Hii ni fupi ila usiiruke. Kitalu inanyesha mno, ardhi yote imeoshwa, hawana chumvi. Mbuzi wanalamba kuta, nyama haikaushiki ikakaa. Na watu wa nje wanataka nini kutoka Kitalu? Nta ya bluu ya nyuki wa kule, ukitengenezea mshumaa haizimiki kwenye upepo, kwa hiyo manahodha wa majahazi wanaitafuta kama dawa. Andika sentensi moja kwa kila upande. Mpaka wa Urusi na China, baada ya mkataba wa 1727, miji miwili iliota ikitazamana pale Kiakhta, Warusi na manyoya yao, Wachina na chai yao, na biashara hiyo iliendelea kwa vizazi kwa sababu kila upande ulikuwa na baridi yake ya kutibu. Kama upande mmoja hauhitaji kitu, huna mji, una kituo cha polisi.

Hatua ya 3: Chora mlango, alafu uubane

Eneo lenye uhuru linatakiwa lionekane lina mwisho. Waholanzi waliobaki Japani walihamishiwa 1641 kwenye Dejima, kisiwa cha kutengenezwa pale Nagasaki, umbo la kipepeo cha kujipepea joto, ukubwa wake kama viwanja viwili vya mpira hivi, na daraja la kuvukia ni moja tu lenye walinzi. Wakakaa hapo zaidi ya miaka 200. Ila wengi wanasahau kwamba Japani ilikuwa na milango mingine, Tsushima kwa ajili ya Korea, Satsuma kwa ajili ya visiwa vya Ryukyu, Matsumae kwa ajili ya Waainu, wenyeji wa kaskazini. Hiyo ni zawadi kwa mwandishi, maana ukiwa na milango zaidi ya mmoja inaanza kuoneana wivu, na mlango wenye wivu unafanya mambo.

Unaweza kubana kwa muda pia. Guangzhou, kuanzia 1757, ndo ilikuwa bandari pekee ya China kwa wafanyabiashara wa Ulaya, na walikaa msimu wa biashara tu, msimu ukiisha wanarudi Macau kusubiri, na wake zao hawakuruhusiwa kukaa pale kwenye maghala. Fikiria mji ambao nusu ya mwaka una kelele na nusu nyingine unahesabu madeni.

Pindoni nimeiweka kwenye mdomo wa mto wenye mikoko, jahazi linaingia maji yakijaa na maji yakikupwa hakuna wa kuingia wala kutoka. Alafu nimechukua kitu Tunduma. Wale waliofika wanajua, ukivuka kwa mguu kutoka Tunduma kwenda Nakonde upande wa Zambia, saa inarudi nyuma saa nzima, kwa hiyo mkiahidiana kukutana inabidi mtaje ni saa ya upande gani. Pindoni wenyeji wanahesabu siku kwa mvua, manahodha wanahesabu kwa maji, na mji umejifunza kuishi na saa mbili kwa pamoja. Mwenye duka akisema "njoo baada ya mvua ya pili, maji yakianza kupanda" msomaji tayari yuko ndani ya huo mji, hujamweleza chochote.

Hatua ya 4: Nani anakula nini

Fuata pesa. Misafara ya karne ya 19 kutoka Bagamoyo kwenda Ujiji ilikuwa inalipa hongo, yaani ushuru wa njia, kwa watawala wa njiani, Ugogo hasa walijulikana kwa hilo, inalipwa vitambaa, shanga, nyaya za shaba, ukilipa unapita na unapewa maji. Weka kitu kama hicho. Pindoni afisa wa mji mkuu anachukua gunia moja katika kila kumi ya chumvi, na chumvi hiyo inaliwa kwenye meza zilezile wanakowasema watu wa Pindoni kwamba ni wachafu. Hapo umeshapata hasira ya mji wako bila hotuba ya mtu yeyote.

Hatua ya 5: Watu wa katikati, na hapa naomba utulie

Simulizi nyingi zina mnunuzi na muuzaji. Mpaka wa kweli unaendeshwa na wale walio katikati yao. Chukua winga wa Kariakoo, hana duka, hana stoo, mtaji wake ni kujua. Anampokea mteja katoka Lubumbashi au Moroni, anasoma kwa macho anataka nini na ana haraka kiasi gani, anamchepusha kwenye vichochoro mpaka kwenye stoo yenye mzigo, anaongea na mwenye mali kwa lugha moja na mteja kwa nyingine, anaweka cha juu chake. Sasa ukimuuliza mteja kwanini amemwamini mtu asiyemjua atakwambia nilipewa namba yake na fulani. Hiyo "fulani" ndo nguzo ya mji wako. Na kuna mali kauli, mtu anapewa mzigo kwa maneno tu auze alete hela, hakuna karatasi, akikimbia aliyemtambulisha ndo anaaibika. Uvumilivu mwingi unatokea hapo, siwezi kukutukana dini yako wakati una mzigo wangu wa milioni kadhaa.

Guangzhou walilifanya hilo kuwa sheria kabisa, wafanyabiashara wachache wenye kibali ndo waliruhusiwa kushughulika na wageni wa Ulaya, na kila meli ilikuwa na mdhamini kati yao, wageni wakivuruga mdhamini ndo anaitwa kujibu. Tengeneza mhusika wa namna hiyo na umpe mgeni asiyeambilika, stori inajiandika.

Wakalimani nao wana uzito wao. Nagasaki kazi ya kutafsiri Kiholanzi ilikuwa inarithiwa kwenye koo, baba anamfundisha mwana, na kupitia hicho kidaraja kimoja vitabu vya tiba na sayansi vikaanza kuingia nchi iliyofungwa, mpaka 1774 madaktari wa Kijapani wakachapisha tafsiri ya kitabu cha maumbile ya mwili wa binadamu. Jiulize, kwenye nchi yako ni kitu gani kinapita mpakani bila kulipiwa ushuru kwa sababu hakuna anayeweza kukipima? Na huko Kiakhta ikazaliwa lugha ya soko, maneno mengi ya Kirusi yamepangwa Kichina, inatosha kuuziana chai. Huna haja ya kutunga lugha nzima, tunga maneno machache ya bei, deni, na samahani.

Pindoni mtu wangu wa katikati ni bibi mmoja, Bi Kisima, anashika mizani na anagawa majina ya sokoni. Pale hakuna anayetumia jina la kuzaliwa, mgeni wala mwenyeji, siku ya kwanza unapewa jina la sokoni na ndo utazikwa nalo ukifia pale. Ile sheria inayowafanya watu wa ndani wafukuze wageni, hapa imegeuzwa kuwa njia ya kuwapokea.

Hatua ya 6: Andika kanuni za kuishi, hasa za chakula, matusi na maiti

Waandishi wanapenda kuandika sheria za ushuru wanasahau kwamba watu wanagombana zaidi kwenye sufuria na makaburi. Nani anachinja? Nyama ya nani inakaa meza gani? Mgeni akifa maji yamekupwa, hawezi kurudishwa kwao, nani anamwosha?

Hapa tumia utani. Utani wa makabila yetu, kama ule wa Wanyamwezi na Wazaramo, umekua kwenye njia za misafara ya biashara, na wenye utani wanaruhusiwa kutukanana, kunyang'anyana vitu vidogo, hata msibani mtani anakuja anazuia jeneza mpaka apewe chochote, na ni haohao wanaosimama kufanya kazi ngumu za mazishi wakati wafiwa hawawezi. Ni mpango wa akili sana, tusi limepewa mlango halali wa kutokea. Kwa hiyo Pindoni manahodha na wakulima wa Kitalu ni watani. Nahodha anawaita wakulima vyura, wakulima wanamwita dagaa mkavu, na nahodha akifa ni vyura wanaomwosha.

Alafu weka kisichovumiliwa. Mji unaokubali kila kitu hauaminiki. Pindoni ukimuuliza mtu jina lake la kuzaliwa, unapoteza nafasi ya kupima mzigo msimu mzima, hata uwe tajiri vipi.

Hatua ya 7: Mtoze mtu wa mpakani

Mtoto aliyezaliwa Pindoni hana jina la mvua, akienda ndani haposi wala haposwi, na ukame ukitokea popote Kitalu wa kwanza kushukiwa ni wao. Bila gharama hiyo eneo lako linakuwa pepo ndogo na hakuna stori peponi.

Hatua ya 8: Lijaribu kwenye tukio moja dogo

Usianze na vita. Anza na mizani. Mfano:

Foleni ndefu, maji yanajaa. Nahodha ameshusha magunia ya chumvi, moja limeloa chini. Kijana wa Kitalu, mara yake ya kwanza kufika, analigusa, analamba kidole.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba mjukuu wangu. Umekuja kwa nani?"

"Nimekuja mwenyewe bibi. Naitwa..."

Foleni nzima inaanza kukohoa. Vyura na dagaa wakavu, wabeba mizigo, mama wa uji anagonga mwiko kwenye sufuria, nahodha anakohoa kuliko wote mpaka machozi yanamtoka, mpaka kijana anafunga mdomo.

"Utaitwa Kidole," anasema Bi Kisima. "Haya nahodha, hilo lililoloa hatulipimi na maji yake, toa vibaba sita."

"Bibi, sita? Toa vinne!"

"Vitano, na umnunulie mtani wako uji."

Sasa lipitie. Sheria ya majina imeonekana bila mtu kuieleza, utani umeonekana, bei imeonekana, na wale wageni wamelinda mvua ya kijana wasiyemjua kwa sababu bila mvua hakuna nyuki, bila nyuki hakuna nta, na pia kwa sababu ndo walivyozoea kuishi pale, sababu zote mbili ziache zikae pamoja. Kama kwenye tukio lako hakuna mtu anayefanya kitu kwa ajili ya mtu asiye wa kwao, rudi hatua ya 5 uongeze mtu wa katikati. Kama kila mtu ni mwema tu, rudi ya 4.

Ikikaa sawa, hiyo ndo irushe kama sehemu ya 1. Ramani na historia ya wafalme wape baadae, sehemu ya 6 au 7 huko, wakishaanza kukuuliza inbox Kidole alipata chumvi au hakupata.