Somo: Kuwasha paneli za kokpiti kwa nyuma, kwa wanaojenga simuleta ya ndege nyumbani

Paneli usiku inatakiwa isomeke bila kukuumiza macho, basi. Ukiingia uwanja wa ndege wa Mwanza (kodi yake HTMW) kutokea upande wa ziwa, mbele yako ni giza tupu mpaka taa za njia ya kutua zitokeze. Paneli ikiwa kali, taa hizo utachelewa kuziona. Kwa hiyo kazi kubwa hapa ni kusambaza mwanga, siyo kuuongeza.

1. Paneli

Tafuta akriliki nyeupe ya maziwa, milimita 3. Ni ile plastiki ngumu ya mabango, na mafundi wa mabango mara nyingi wana vipande vilivyobaki. Piga msasa laini upande wa mbele, futa vumbi, kisha puliza rangi nyeupe kidogo tu. Ikikauka, puliza nyeusi. Sasa ingia chumba chenye giza, weka tochi ya simu nyuma yake. Kila kitundu kitajionyesha kama nyota; rudia nyeusi mpaka zizimike zote. Ndipo upulize kijivu cha juu. Nyeusi usiiruke, kwa sababu kijivu peke yake hupitisha mwanga.

Mpelekee fundi mwenye mashine ya leza. Mwambie aondoe kijivu na nyeusi tu, nyeupe ibaki, na ajaribu kwanza kwenye kipande kisichotumika. Mchana maandishi yatasomeka meupe, usiku yatawaka.

2. Sanduku la mwanga

Hapa ndipo paneli nzuri hutofautiana na mbaya. LED ikigusana na akriliki, utaona vidoa. Acha nafasi ya milimita 15 hadi 20 kati ya taa na paneli, na ndani ya sanduku paka nyeupe isiyong'aa, kuta zote. Mwanga ugonge kuta kwanza ndipo ufike kwenye maandishi. Kama nafasi ni finyu, geuza taa zitazame ukutani.

3. Taa

Nunua mkanda wa LED wa volti 12, rangi ya joto, Kelvin 2700 hadi 3000. Boeing za zamani zilitumia balbu ndogo za volti 5, na balbu ikipunguzwa hugeuka njano. LED haibadiliki hivyo, kwa hiyo anza na rangi ya joto tangu dukani. Nyeupe ya bluu inaharibu kila kitu.

Mkanda wa kawaida wenye LED ndogo 60 kwa mita hula takriban wati 4.8, yaani ampea 0.4. Mita nne ni ampea 1.6, adapta ya ampea 3 inatosha kwa raha. Kata mkanda kwenye alama tu, kila LED tatu.

4. Kupunguza mwanga

Unahitaji Arduino (bodi ndogo ya kompyuta unayoiandikia programu), potenshometa (nobu ya kuzungusha) ya kilo-ohm 10 na MOSFET (swichi ya kielektroniki) aina ya IRLZ44N. Pini 9 ya Arduino iende geti (mguu wa MOSFET unaoamuru iwake au izime) kupitia rezista ya ohm 220, na ohm 10,000 kutoka geti hadi hasi, ili taa zisiwake ovyo Arduino inapoanza. Hasi ya adapta na ya Arduino lazima ziunganishwe. Kwenye programu, zidisha thamani ya potenshometa kwa yenyewe, kisha uirudishe kwenye kipimo cha 0 hadi 255. Jicho linahisi mabadiliko zaidi mwanga ukiwa mdogo, na bila hesabu hiyo nusu ya nobu haitakuwa na kazi.

Maswali ya wanachama

*Mkuu, siwezi kuunga potenshometa moja kwa moja kwenye mkanda?*
Usifanye hivyo, mkuu. Potenshometa ndogo haihimili umeme huo, itaungua. Kama hutaki Arduino, nunua dima ya LED ya volti 12 iliyo tayari.

*Shikamoo fundi. Mwanga unavuja kuzunguka nobu zangu, nifanyeje?*
Marahaba. Kata bomba fupi la plastiki, lipake nyeusi nje na ndani, lizunguke shimo kutoka nyuma ya paneli hadi sakafu ya sanduku. Pembe za sanduku zibe kwa tepu ya aluminiamu. Ile nyeusi ya umeme hubanduka kwenye joto.

*Kwetu Igoma umeme unakatika. Betri ya volti 12 kama ya taa za wavuvi wa dagaa itafaa?*
Itafaa sana, kaka. Ila betri ikiwa inachajiwa hufika volti 14.4 na mkanda utapata moto, kwa hiyo chaji ukiwa umezima taa. Weka fyuzi ya ampea 2 karibu kabisa na ncha chanya ya betri.

*Na asiye na leza?*
Printi maandishi yaliyogeuzwa rangi, yaani herufi wazi na pembeni nyeusi, kwenye karatasi ya plastiki inayopitisha mwanga, nakala mbili, zipangwe moja juu ya nyingine ili nyeusi ikolee. Zibane kati ya akriliki mbili, ya nyuma iwe nyeupe ya maziwa, na funga kwa skrubu kwenye pembe.