Umefika 45 na hujaweka kitu ya uzee? Anza hivi

Hii somo ni ya wale walipanga kuanza wakiwa 30, halafu karo ikaingia, matanga ikaingia, ujenzi wa nyumbani ukaingia, na sasa uko 45 akiba ni sufuri. Bado kuna nafasi, lakini kungoja kunakula pesa mingi sana. Piga hesabu na mimi: shilingi 3,000 kila mwezi kutoka 45 mpaka 60, ikikua kwa asilimia 10 kwa mwaka na riba ikizaa riba, inafika karibu milioni 1.24. Anza ukiwa na miaka 50, pesa ni ile ile, riba ni ile ile, unapata kama 615,000. Miaka 5 tu na nusu imeenda.

Kwanza tafuta pesa yako ya zamani. Hapa Nakuru wengi tumepitia mashamba ya maua Naivasha, viwanda, hoteli, shule za praiveti, na ulikuwa unakatwa NSSF, ule mfuko wa serikali wa akiba ya uzee. Nenda ofisi yao na kitambulisho uitishe stetimenti, uone kama waajiri walipeleka kweli. Kama kampuni ilikuwa na skimu yake ya pensheni, ulizia. Pesa ikikaa miaka bila mwenyewe kujitokeza hupelekwa UFAA, ofisi ya serikali inayoshika pesa zisizodaiwa, na kuangalia jina lako huko ni bure, mtu akikuitisha pesa ya kufungua faili mkatae.

Pili, maliza mikopo ya simu. Hakuna akiba inalipa vile hiyo mikopo inakula.

Tatu, chagua mahali pesa itakaa, na hapa ndio watu huchanganyikiwa. Sacco ni nzuri, nyingi zinakupea mkopo hata mara 3 ya akiba yako, lakini huo mkopo ndio mtego: akiba ikishashikilia loni ya pikipiki ya kijana, ama umekuwa mdhamini wa jirani, hiyo si pesa ya uzee tena. Mimi ningeweka ya uzee kwa pensheni ya mtu binafsi iliyosajiliwa na RBA, mamlaka inayosimamia pensheni, juu imefungwa, huwezi amka Jumatatu uitoe, na tangu mwisho wa 2024 mchango mpaka 30,000 kwa mwezi hautozwi kodi ya mapato. Mani maket, ule mfuko wa uwekezaji unaolipa riba, weka ya dharura, juu hiyo unatoa haraka. Ukifikisha 50,000 unaweza nunua bondi ya serikali, yaani kuikopesha serikali ikulipe riba, kwa simu kupitia DhowCSD, app ya Benki Kuu.

Halafu ambia benki ikate siku ile ile mshahara unaingia. Na tafadhali sana, usikimbilie kitu ya kuzalisha pesa mara mbili kwa mwezi ati ndio ufikie wenzako, watu wa umri wetu ndio wanaporwa huko.

MASWALI YA WANACHAMA

Swali: Nauza omena Kibuye, sina mshahara, siku zingine narudi na mia mbili. Naanzaje?
Jibu: Mama, weka kwa siku, usingoje mwezi. Haba Haba, mpango wa NSSF wa watu wasio na mshahara, ni shilingi 25 kwa siku, unalipa kwa simu. Siku soko ni nzuri lipia wiki nzima, juu Aprili mpaka Julai omena ikifungwa ziwani utapunguza na hiyo si makosa.

Swali: Mimi ni mwalimu Kakamega, niko 52. Nichukue loni ninunue ploti iwe pensheni?
Jibu: Mwalimu, ploti tupu haikupei unga kila mwezi, na loni ya miaka 8 inaisha ukitoka kazini. Uliza kwanza kama uko pensheni ya zamani ama ile ya kuchangia iliyoanza Januari 2021, ndio ujue pengo lako ni gani.

Swali: Watoto watatu wako sekondari. Niache karo?
Jibu: Hapana dada, lipa karo. Weka hata 500 saa hii. Lakini wa kwanza akimaliza Form 4, pesa ya karo yake ihamie pensheni mwezi huo huo, na mzee wa nyumba ajue kutoka leo, isije ikageuka ya mabati.