Msimbo wa programu ni wa nani? Andikeni mapema

Wewe unayeandika programu kivyako hapa Arusha au Moshi na una mpango wa kufungua kampuni, mkataba wako na mteja wa kwanza usiuache juujuu. Tuseme unatengenezea kampuni ya utalii mfumo wa kupokea oda za safari. Usajili wa wageni, ankara, malipo ya simu: hivyo hivyo utavihitaji kesho kwa wakala anayepandisha wageni Kilimanjaro. Mkataba ukiwa kimya kuhusu nani anamiliki msimbo, yaani maandishi yanayoendesha programu, wewe na mteja mtakuja kuvutana. Weka kifungu kama hiki: "Mteja atautumia mfumo huu katika biashara yake bila kikomo cha muda, msimbo wa msingi unabaki mali ya mtengenezaji." Nembo, picha na taarifa za wageni ni vya mteja, hilo halina mjadala.

Halafu angalia unasaini kwa jina gani. Jina la biashara lililosajiliwa BRELA, wakala wa serikali wa kusajili biashara na kampuni, linatosha kuanzia, ila kisheria halikutenganishi na biashara yako. Deni likitokea unadaiwa wewe binafsi. Akija mteja mkubwa, sajili kampuni yenye ukomo wa dhima, yaani ambayo deni lake ni la kampuni yenyewe, kabla ya kusaini.