Jinsi ya Kufuatilia Matumizi ya Mafuta na Kubaini Wizi Katika Magari ya Kampuni

Wizi wa mafuta hauonekani kwa kutazama rekodi moja pekee, kwa sababu kila rekodi ikisimama peke yake huweza kupikwa: risiti huongezwa lita, odomita (kipimo cha kilomita) huchezewa, na geji ya dashibodi haina usahihi wa kuonyesha upungufu mdogo. Kazi ya msimamizi ni kuweka pamoja mafuta yaliyolipiwa, mafuta yaliyoingia kwenye tangi na umbali uliosafiriwa, kisha kuchunguza mahali yanapokataana.

Anza na njia isiyohitaji kifaa. Jaza tangi pomoni, andika kilomita, acha gari lifanye kazi zake za kawaida, kisha ulijaze tena pomoni, ikiwezekana kwenye pampu ileile. Lori lililotembea kilomita 420 na kupokea lita 147 limetumia lita 35 kwa kila kilomita 100. Rudia kipimo hicho mara kadhaa, ukitenganisha safari zenye mzigo na zisizo na mzigo, ili upate kiwango cha gari hilohilo. Kulipima lori moja kwa kiwango cha jingine huzaa lawama zisizo za haki, kwani umri wa injini, uzito na milima hubadilisha ulaji wa mafuta hata pale madereva wote wanapokuwa waaminifu.

Ukiweza, funga sensa ya mafuta, yaani kifaa kinachosoma kiasi cha mafuta, ndani ya tangi na uiunganishe na GPS, mfumo wa setilaiti unaoonyesha gari lilipo. Sensa isiyosawazishwa haina thamani. Ili kuisawazisha, tangi litolewe mafuta yote, kisha lijazwe hatua kwa hatua, tuseme lita 20 kila mara, na usomaji wa kila hatua uandikwe, maana matangi mengi hayana umbo moja kutoka chini hadi juu. Katika grafu, safari ya kawaida huchora mstari unaoshuka taratibu, ilhali mafuta yanayonyonywa kwa mpira huuangusha ghafla, mara nyingi injini ikiwa imezimwa. Hata hivyo, gari lililoegeshwa kwenye mteremko hudanganya sensa, na dizeli husinyaa inapopoa: lita 400 zikipoa kwa nyuzi 15 za Selsiasi hupungua takriban lita 5 bila mtu kuzigusa.

Wizi mgumu zaidi ni ule wa mafuta yasiyofika kwenye tangi kabisa. Linganisha kila risiti na ongezeko lililosomwa na sensa, na nafasi iliyokuwa wazi kwenye tangi, na mahali gari lilipokuwa saa hiyo kwa mujibu wa GPS. Wapo pia wanaochepusha bomba linalorudisha dizeli kutoka kwenye injini, wakakinga kwenye dumu gari likiwa linanguruma. Upungufu huo hufanana na matumizi halali, na hugundulika pale kompyuta ya injini inapoonyesha kuwa yaliyochomwa ni machache kuliko yaliyotoka.

Kabla ya kumwita dereva, kagua uvujaji, nozeli zinazonyunyizia mafuta kwenye injini, chujio la hewa, upepo wa matairi na saa ambazo injini iliachwa ikinguruma gari likiwa limesimama, kwani lori kubwa huweza kunywa lita 2 hadi 4 kwa saa katika hali hiyo. Kisha mwonyeshe grafu na risiti, umsikilize kwanza, na uwahoji vilevile fundi, mlinzi wa yadi na kila mwingine aliyelifikia tangi muda huo.