Mzee asipoteze miguu akiwa makaoni: anzia kwenye kiti

Mzee huingia makao ya wazee akitembea mwenyewe, na baada ya miezi michache anasukumwa kwenye kiti cha magurudumu. Watu husema ni umri. Tazama siku yake basi: anaogeshwa, anavalishwa, analetewa chakula kitandani. Miguu imekosa kazi. Siku 10 tu za kulala kitandani zinaweza kumwondolea mzee mwenye afya karibu kilo 1 ya nyama ya miguu.

Pima kwanza. Chukua kiti kigumu, kimo cha sentimita 43 hivi, ukiegemeze ukutani kisiteleze. Mzee akunje mikono kifuani, asimame wima na kuketi mara nyingi awezavyo kwa sekunde 30. Kwa umri wa miaka 70 hadi 74, mwanamke asiyefikisha mara 10 na mwanamume asiyefikisha 12 wako katika hatari ya kuanguka. Akijisukuma kwa mikono, andika 0. Weka tarehe, urudie kila mwezi.

Pima na presha: akiwa amelala dakika 5, kisha amesimama, dakika ya 1 na ya 3. Namba ya juu ikishuka kwa 20 au ya chini kwa 10, zungumza na daktari kabla ya zoezi. Mara nyingi chanzo ni dawa anazomeza.

Zoezi ni lile lile la kusimama. Mwambie taratibu: "Bibi, sogea ukingoni mwa kiti. Rudisha nyayo nyuma kidogo ya magoti. Inama mpaka pua ipite vidole vya miguu. Haya, simama." Akishuka, ahesabu hadi 3, kushuka polepole kunayafanyisha mapaja kazi nzito. Mara 8, apumzike, mara 8 tena, siku 3 kwa wiki. Akishindwa, inua kiti kwa blanketi lililokunjwa na kukazwa, sentimita 5 hadi 10. Mto laini haufai: unadidimia, anazama nao. Akizoea, ondoa kunjo moja. Kifua kikimuuma au akiona kizunguzungu, aache hapo hapo.

Usimvute mikono wala kumnyanyua kwapani. Bega la mzee huumia upesi, na miguu inakuwa haijafanya lolote. Simama ubavuni, upande ulio dhaifu, mkono wako kiunoni pake, ungoje. Kungoja ndiko kugumu, maana wahudumu ni wachache na kumvalisha ni haraka kuliko kumwacha afunge vifungo mwenyewe. Basi mpe kila mzee walau kazi moja isiyoguswa na mhudumu, na kila anapokwenda kula asimame, aketi, asimame tena ndipo aende.

Asiseme mtu kwamba wamechelewa. Mwaka 1990 huko Boston, Marekani, wakazi wa makao wenye umri wa miaka 90 hivi walinyanyua uzito kwa wiki 8, na nguvu za mapaja yao zikazidi maradufu.

Misuli haijengwi kwa uji mtupu na chai ya rangi. Mzee wa kilo 50 anahitaji gramu 50 hadi 60 za protini kwa siku: yai lina 6, kikombe cha maziwa 8, kikombe cha maharage yaliyoiva 15. Mwenye ugonjwa wa figo apangiwe na daktari.

Kandambili zitoke, avae viatu vinavyoshika kisigino. Akiketi kitandani nyayo zikanyage sakafu, na njia ya chooni iwe na taa usiku kucha.