Jinsi ya Kumvalisha Mtu Kofia ya Mwanga ya Kupima Shughuli za Ubongo

Mwongozo huu ni wa msaidizi wa maabara aliyekabidhiwa kofia yenye vyanzo vya mwanga na vipokezi vyake, akatakiwa kumpima mtu mzima anapogusisha kidole gumba cha mkono wa kulia na vidole vingine, kimoja baada ya kingine. Zoezi hili linafaa kwa kujifunzia kwa sababu jibu lake linatarajiwa: eneo linaloamka zaidi ni lile la upande wa kushoto wa ubongo linaloongoza mwendo wa mkono.

Mwaka 1977 Frans Jöbsis wa Chuo Kikuu cha Duke, Marekani, alionyesha kwamba mwanga wa infraredi ulio jirani na mwanga mwekundu hupenya ngozi na mfupa, na kwamba unaweza kutumika kufuatilia oksijeni katika ubongo bila kumchoma mtu wala kumpasua. Sehemu ya ubongo inapofanya kazi, huletewa damu yenye oksijeni kwa wingi kuliko inavyohitaji, hivyo hemoglobini (kibeba oksijeni katika damu) yenye oksijeni huongezeka na ile isiyo nayo hupungua. Kwa kuwa aina hizo mbili hufyonza mwanga kwa viwango tofauti, kifaa hutuma mwanga wa urefu wa mawimbi wa aina mbili, mara nyingi karibu na nanomita 760 na 850, kisha hukokotoa mabadiliko ya kila aina. Kutoka kwenye chanzo hadi kwenye kipokezi, mwanga hupita ndani ya kichwa kwa njia iliyopinda kama ndizi, na kadiri viwili hivyo vinavyotengana ndivyo unavyozama zaidi. Kwa mtu mzima umbali wa sentimita 3 ndio uliozoeleka: ukipungua sana utapima ngozi tu, ukizidi sana mwanga unaorudi huwa hafifu mno.

Kazi yenyewe huanza siku moja kabla, na huanza na nywele. Nywele nyeusi na nzito hufyonza mwanga na pia huinua vipokezi visiguse ngozi, kwa hiyo mweleze mshiriki mapema, kwa heshima, kwamba nywele zilizofumuliwa na kuchanwa ndizo rahisi zaidi kupima, kwamba wigi na nywele za kushonea zitazuia kipimo, na kwamba asipake mafuta mazito asubuhi hiyo. Aliyesuka mistari asikataliwe papo hapo. Linganisha kwanza njia zilizo kati ya mistari na mahali vipokezi vinapotakiwa kukaa. Jambo hili nalitilia mkazo kwa sababu utafiti unaowaacha nje watu wenye nywele za kipilipili, kwa kuwa tu wanahitaji dakika ishirini zaidi, hautatueleza chochote juu ya bongo zao. Kifaa hiki ni chepesi kiasi kwamba kimetumika kuwapima watoto wachanga katika kijiji cha Keneba, Gambia, mbali na hospitali kubwa. Ingesikitisha kishindwe kwa kukosa kitana na subira.

Mshiriki akishafika na kuridhia, pima mzunguko wa kichwa chake ili uchague kofia inayobana bila kuumiza. Kisha pima kutoka kwenye kibonyeo kilicho kati ya paji la uso na pua, kupitia utosini, hadi kwenye kinundu cha kisogo. Pima pia kutoka mbele ya sikio moja hadi mbele ya jingine. Nusu ya vipimo hivyo hukutana utosini, na hapo tia alama. Eneo tunalolitafuta liko upande wa kushoto wa alama hiyo, kwa umbali wa asilimia 20 ya kipimo cha sikio hadi sikio: kipimo kikiwa sentimita 36, hesabu sentimita 7.2.

Valisha kofia kuanzia mbele kwenda nyuma, ukihakikisha kwamba alama ya utosini haijahama. Sasa chukua kijiti chenye ncha butu, ufungue tundu moja baada ya jingine, usukume nywele pembeni hadi uone ngozi, ndipo urudishe chanzo au kipokezi mahali pake. Usiharakishe hatua hii, na muulize mshiriki mara kwa mara kama anaumia, kwa sababu kofia inayovumilika kwa dakika tano inaweza kuwa mateso baada ya nusu saa. Kama ngozi nyeusi bado inapunguza mwanga unaorudi, ongeza nguvu ya mwanga au unyeti wa kipokezi ndani ya mipaka aliyoweka mtengenezaji. Funika kofia kwa kitambaa cheusi ili mwanga wa chumba usiingie.

Kabla ya kuanza, tazama mawimbi kwenye skrini. Chaneli, yaani jozi ya chanzo na kipokezi chake, ikiwa nzuri huonyesha mapigo ya moyo, takriban pigo moja kwa kila sekunde. Chaneli isiyoonyesha mapigo haijagusa ngozi vizuri, nawe rudi kwenye kijiti.

Mpe mshiriki sekunde 20 za kugusisha vidole, kisha mapumziko ya sekunde 25 hadi 35, na urudie mara kumi. Urefu wa mapumziko ubadilikebadilike, kwani shinikizo la damu lina wimbi lake la takriban kila sekunde 10, na ratiba isiyobadilika huweza kuoana nalo ikakudanganya. Asiongee wala kutafuna. Kifaa kikiwa na chaneli fupi, zenye umbali wa takriban milimita 8, zitumie kuondoa mabadiliko ya damu ya ngozini.

Katika matokeo, tarajia hemoglobini yenye oksijeni kupanda sekunde chache baada ya vidole kuanza kugusana, huku ile isiyo na oksijeni ikishuka kwa kiasi kidogo. Zote mbili zikiruka juu kwa pamoja na kwa ghafla, shuku kwanza kwamba kichwa kimetikisika. Kabla ya kuvua kofia, piga picha ya mkao wake au pima upya umbali wa alama ya utosini, ili ujue kama ilihama wakati wa kipimo.